Kuitembea Dar es Salaam ya Zamani kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwatembeza ndugu, majirani na wanafunzi katikati ya jiji, kuanzia ufukwe wa bandari mpaka Kariakoo. Maswali hujirudia. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu njiani. Mengine yana majibu marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine sentensi mbili zinayatosha.

Kwani Dar es Salaam ina ukale gani? Si afadhali niende Bagamoyo au Unguja?

Nenda na huko pia. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Bagamoyo ilikuwa mji wa biashara wakati hapa palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Dar ina jambo lake ambalo kule hulipati: kila mtawala aliyeingia amejenga juu ya kazi ya aliyemtangulia, na alama za wote bado zipo kama unajua pa kutazama.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, akitaka bandari ya bara yenye maji ya kina na mji wake mwenyewe. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuendelea na kazi. Majumba yakaachwa, mengine yakamea magugu. Mwaka 1887 kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo, na mwaka 1891 serikali yao ikahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kuja hapa. Waingereza waliingia Septemba 1916. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na siku hizo hizo mji ukapewa hadhi ya jiji. Yote hayo yametokea katika muda ambao bibi mmoja na mjukuu wake wangeweza kuugawana kwa masimulizi, na katika eneo unaloweza kulizunguka asubuhi moja.

Kutoka ndani ya daladala huoni kitu. Utaona foleni na mabango. Ukale wa Dar uko kwenye usawa wa macho ya mtu anayetembea: mwaka uliochongwa juu ya mlango, roshani ya mbao juu ya duka la vipuri, jina la kituo cha basi.

Jina la jiji maana yake nini hasa?

Ni la Kiarabu, na watu husimulia njia mbili: makao ya amani, au bandari ya salama. Zote mbili zinamfaa mtu aliyesimama Kivukoni akaona jinsi mlango wa bandari ulivyo mwembamba na maji ya ndani yalivyotulia. Mzizima nalo wengi hulifasiri kuwa mji wenye uzima. Kwa hiyo, kwa majina yote mawili, waliotutangulia walipaona hapa kuwa pahali pa kupumzika.

Nianzie wapi?

Old Boma, mwisho wa Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, ng'ambo ya barabara kutoka zinakopandiwa boti za Zanzibar. Ukija na mwendokasi, shuka Posta ya Zamani utembee kidogo.

Naipenda nyumba hii kuliko jengo lolote la Dar, basi mnivumilie. Ilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid. Kasri lake lilikuwa jirani, nalo limekwisha kutoweka. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukiingia kutoka juani unahisi umeshuka kisimani. Mlango ni wa nakshi, wa mtindo ule ule wa Unguja. Ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, DARCH, ambacho kina maonyesho ya ramani na picha za zamani. Anza na zile ramani. Ukishaona jinsi mji ulivyokuwa mstari mwembamba kando ya maji, na nyuma yake minazi, matembezi yote yanayofuata utayaelewa kwa urahisi.

Weka kiganja ukutani kabla hujatoka. Jiwe la matumbawe ni kiumbe wa baharini. Waliojenga walilichimba pwani hii hii, wakachoma jingine kupata chokaa, na ukuta huo umekaa zaidi ya karne moja na nusu ukipigwa na upepo wa chumvi.

Njia yenyewe inapita wapi, na ni ndefu kiasi gani?

Mimi huigawa sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ufukweni. Kutoka Old Boma unakwenda na Sokoine Drive kuelekea mashariki, unapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, unafika kanisa la Kilutheri la Azania Front, unaendelea na Kivukoni mpaka Feri kwenye soko la samaki, unazunguka na barabara ya bahari mpaka hospitali ya Ocean Road. Kisha unarudi ndani kupitia bustani ya mimea, Makumbusho ya Taifa na Ukumbi wa Karimjee. Ya pili ni ya ndani: Samora, sanamu ya Askari, Mnara wa Saa, Mnazi Mmoja, Lumumba, Kariakoo.

Kila sehemu ni mwendo wa saa mbili hadi tatu, kwa sababu utasimama sana. Mtu mwenye nguvu atazimaliza zote siku moja. Ninashauri siku mbili. Kwenye joto la Dar, mtu aliyechoka haoni.

Kwenye ile sehemu ya ufukweni nitazame nini?

Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897 na Wabenediktini Wajerumani, likakamilika 1902. Ingia ukae kimya dakika chache kama hakuna ibada. Mmoja wa maaskofu wa mwanzo hapa, Cassian Spiss, aliuawa mwaka 1905 akiwa safarini kusini wakati wa Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo hata ndani ya kanisa la mjini, Liwale na Kilwa haviko mbali.

Jirani na hapo kuna Atiman House, nyumba ya wamisionari tunaowaita Mapadre Weupe, ambayo asili yake ni majumba ya zama za Majid. Jina lake hunigusa kila mara. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa jangwa hadi Aljeria, ambako mapadre walimkomboa. Akasomea utabibu Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni takriban miaka sitini na saba ya kazi. Wengi hupita chini ya jina hilo kila siku bila kujua ni la nani.

Azania Front, la mwaka 1898, utalijua kwa mapaa yake ya vigae vyekundu na mnara. Mabaharia walikuwa wakiliona kanisa hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote cha mji. Mbele kidogo kwenye Kivukoni yapo majengo ya ofisi za Wajerumani, na Mahakama ya Rufani, ambayo jengo lake lilikuwa klabu ya Wazungu, baadaye likawa Hoteli ya Forodhani. Mwafrika aliweza kuingia pale zamani kwa mlango wa watumishi. Leo Mwafrika ndiye jaji.

Feri nenda mapema, samaki wanaponadiwa. Hakuna jengo la kutazama pale. Kinachotazamwa ni kazi: mashua, mnada, wachuuzi wenye beseni, pantoni inayovusha watu Kigamboni. Kivukoni ni mahali pa kuvukia, na bado watu wanavuka. Katika njia nzima, hapo ndipo Mzizima imebaki hai.

Ikulu utaipita kwa mbali. Jengo la gavana wa Kijerumani lilipigwa mizinga na meli za Waingereza mwaka 1914, mwanzoni mwa vita, na hili la sasa likajengwa juu ya misingi yake na kufunguliwa mwaka 1922.

Hospitali ya Ocean Road nayo ni ya kutalii? Si kuna wagonjwa?

Kuna wagonjwa, tena wa saratani, kwa hiyo hatuingii. Tunasimama ng'ambo, upande wa bahari, tunaangalia minara yake miwili kwa heshima. Wajerumani waliimaliza mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, na mwanasayansi Robert Koch alifanya utafiti wa malaria hapa Dar mwaka huo na uliofuata.

Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, karibu na ilipo stesheni ya reli, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo. Hospitali hiyo haipo tena. Jina lake lilihamia Muhimbili, na anayekwambia ndugu yake amelazwa Sewahaji anamtaja tajiri yule wa Bagamoyo bila kujua. Hospitali mbili, mji mmoja, na kati yao umbali wa rangi. Ukiishika picha hiyo, umeshika ufunguo wa mji wote.

Mbona unasisitiza kuvuka Mnazi Mmoja? Wengine huishia kwenye Askari.

Kwa sababu anayeishia kwenye Askari ameona nyumba za watawala tu.

Mji huu uligawanywa. Uzunguni ilikuwa mashariki, kwenye upepo wa bahari. Uhindini ilikuwa katikati, kwenye maduka. Uswahilini ilikuwa magharibi, Kariakoo na Ilala. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, ambazo Waingereza waliziendeleza, zilitaja aina ya nyumba: huku majumba ya mawe ya mtindo wa Ulaya, kule vibanda. Kwa kuwa aliyeweza kujenga jumba la mawe alijulikana ni nani, matokeo yakawa ya rangi. Kati ya Uhindini na Uswahilini Waingereza wakauacha uwanja mpana bila nyumba, kwa hoja ya afya, eti mbu na maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda upande wa pili. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja.

Simama katikati yake, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru, ugeuke polepole. Upande mmoja ghorofa za mjini, upande wa pili Kariakoo. Pale palipotengwa ili watu wasikutane ndipo tulipokuja kufanyia mikutano, sherehe na maombolezo. Sijui mahali pengine Dar ambapo ardhi tupu inasema mengi kiasi hicho. Ndiyo maana, kwangu mimi, matembezi yasiyovuka Mnazi Mmoja hayajaisha.

Yule Askari wa Samora ni nani?

Hana jina. Ni sanamu ya shaba iliyosimikwa mwaka 1927 kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, kukumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi na Mombasa zina za aina hiyo. Bunduki yake imeelekezwa bandarini. Soma maandishi kwenye msingi wake, yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi.

Hao wapagazi ndio wa kuwafikiria. Magari hayakuweza kupita, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani, kutoka pwani mpaka Ruvuma na zaidi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Wengi hawakuandikwa hata majina.

Kuna familia moja ambayo huwa naisimulia nikiwa chini ya sanamu hii. Miaka ya 1880 Mjerumani Hermann von Wissmann alipokuja kupigana na Abushiri na watu wa pwani, aliajiri askari kutoka Msumbiji. Mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane. Mtoto wake alizaliwa mwaka 1894, akapewa jina la ofisa Mjerumani: Kleist. Kleist Sykes alipigana vita hivyo vya 1914 upande wa Wajerumani. Vita vilipoisha akaishi Dar, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama kilichokuja kuzaa TAA (Tanganyika African Association) na kisha TANU. Wanawe, akiwemo Abdulwahid, walikuwa katika uongozi wa siasa hizo Nyerere alipofika mjini. Babu alikuja na jeshi la mkoloni, mwana akaanzisha chama, wajukuu wakamwondoa mkoloni. Mwana na wajukuu waliishi kwenye mitaa hii unayoitembea.

Wissmann naye alikuwa na sanamu hapa mjini. Waingereza waliing'oa, ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968.

Kwa nini mtaa mmoja una majina mengi kwenye ramani za zamani?

Samora peke yake inatosha kujibu. Kwa Wajerumani ilikuwa Unter den Akazien, chini ya migunga. Waingereza wakaigeuza Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue. Kisha ikapewa jina la Samora Machel, kwa kuwa FRELIMO ilizaliwa hapa Dar Juni 1962 na vita vya Msumbiji vikaendeshwa kutoka ofisi za mji huu. Rais wao wa kwanza wa chama, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa hapa, tarehe 3 Februari 1969.

Vivyo hivyo Lumumba zamani ilikuwa New Street, na Uhuru ilikuwa Kichwele. Wazee wengine bado wanasema Kichwele. Ukimsikia mmoja, msalimie, shikamoo yako iwe ya kusimama, kisha muulize. Mara nyingi utajifunza zaidi ya nilichokiandika hapa.

Yale majengo ya ghorofa mbili tatu ya Kisutu na Jamhuri ni ya nani?

Mengi yalijengwa na familia za Kihindi kati ya miaka ya 1920 na 1950. Chini duka, juu makazi, na kwenye kipaji cha nyumba jina la aliyejenga au la mama yake, pamoja na mwaka. Inua macho, maana sehemu za chini zimefunikwa na mabango. Utakuta roshani za saruji zilizopinda kama ubavu wa meli, madirisha yenye vipande vya kukinga jua, na katika mtaa mmoja mahekalu ya Kihindu, misikiti na jamatkhana, nyumba za ibada za Waismailia.

Swali linalofuata huwa: mbona sasa wapangaji wanalipa Shirika la Nyumba? Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake baadaye zilichukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wengi waliopoteza majengo walihama nchi. Nimewahi kutembea na mzee aliyerudi kutoka Kanada kuitazama nyumba aliyozaliwa. Alisimama chini ya roshani muda mrefu, na mpangaji wa sasa alipomwona akamkaribisha juu kunywa chai. Sikupanda nao.

Kariakoo kuna nini zaidi ya kununua vitu?

Jina kwanza. Waingereza walipouteka mji waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalitengeneza: Kariakoo. Wale wapagazi wa kwenye msingi wa Askari mjini, huku ndiko walikolala. Ukitoka kwenye sanamu hadi sokoni umetembea kutoka kwenye kumbukumbu yao mpaka kwenye kambi yao.

Soko kuu lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka juu, inayoacha upepo upite na kukusanya maji ya mvua. Nchi ilikuwa na miaka kumi na kitu tu ya uhuru, na kijana wake akachora soko ambalo hakuna aliyelichora Ulaya. Liliungua Julai 2021, na baada ya hapo likaingia kwenye ukarabati mkubwa.

Halafu zipo nyumba zenyewe, zile chache zilizobaki: nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma wenye jiko na choo. Siasa zilizungumzwa kwenye baraza hizo. Kila mwaka zinapungua kwa sababu kiwanja kimoja kinabeba ghorofa kumi. Ukiona moja, itazame vizuri.

Washabiki wa mpira nao wasirudi mikono mitupu. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi, na la Yanga liko Jangwani. Klabu hizo zilizaliwa miaka ya 1930, vijana wa mjini walipoanza kuwa na vyama vyao wenyewe.

TANU ilizaliwa nyumba ipi?

Mtaa wa Lumumba, kando ya Mnazi Mmoja, tarehe 7 Julai 1954. Waliokutana walikuwa 17. Jengo la chama lililopo sasa si lile la wakati huo, lakini kiwanja ni hicho. Anayetaka kuendelea apande gari mpaka Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya harakati, ambayo sasa ni makumbusho. Ukubwa wake utakushangaza: ni nyumba ya kawaida kabisa.

Nitoke saa ngapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshashuka kwenye gari. Kuanzia saa tano jua ni kali na maduka yamejaza njia. Jumapili barabara ziko tupu na picha hutoka vizuri, ila makanisani kuna ibada na Kariakoo maduka mengi yamefungwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mitaa mingine hujaa maji. Vaa viatu vilivyofungwa, beba maji na kofia.

Naruhusiwa kupiga picha?

Mitaani ndiyo. Ikulu, bandari, kambi na vituo vya polisi usipige, hata kwa simu, hata kwa mbali. Watu waombe kwanza. Mama anayepaa samaki Feri hayuko pale kwa ajili ya picha yako, na ukinunua samaki mmoja ukamsalimia kwanza mazungumzo huwa mengine kabisa.

Nina watoto wadogo. Wataweza?

Wataweza kama utafupisha. Old Boma, Azania, kisha Makumbusho ya Taifa, basi. Makumbusho ilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George V, na ndiyo inayotunza fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Watoto hupenda pia magari ya viongozi wa zamani. Mkimaliza, bustani ya mimea iko jirani, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 na sasa imebaki kipande, lakini kivuli chake ni kizuri. Madafu yanauzwa njiani.

Lazima niwe na mwongozaji?

Si lazima. Ukimpata anayeujua mji, utafaidi zaidi, na waulize pale Old Boma kuhusu matembezi yanayoongozwa. Nina ombi moja: muulize kabla kama njia yake inavuka Mnazi Mmoja.

Kutunza majengo ya Wajerumani si kuwatukuza?

Niliwahi kufikiri hivyo. Kisha nikajiuliza nani aliyabeba yale mawe, nani aliponda chokaa, nani alichonga boriti. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar mwaka 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, ikafika Kigoma 1914, na kila taruma lilitandazwa kwa mikono ya watu wetu. Leo treni ya umeme inaondoka jirani na stesheni ile ya zamani kwenda Dodoma. Nikivunja jengo nimemfuta fundi pamoja na aliyemlazimisha, na wajukuu wa fundi watabaki hawana pa kuonyesha. Bora libaki, na hadithi yake isimuliwe yote.

Hakuna sheria ya kuzuia yasivunjwe?

Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ina tatizo linaloiumiza Dar hasa. Inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Karibu kila kitu nilichokitaja hapa ni cha baada ya hapo, hata Old Boma. Jengo la umri mdogo zaidi linalindwa likitangazwa rasmi, na kutangaza huchukua muda ambao mwenye greda hausubiri. Kwenye Samora kuna Salamander Tower, ghorofa ya vioo. Jina ni la jengo la zamani lililokuwa hapo.

Nyumba ya babu yangu Kariakoo inakaribia kuvunjwa na familia imekubaliana. Mimi nifanye nini?

Sitakwambia ugombane na familia. Kiwanja ni riziki, na warithi ni wengi. Lakini kabla ya siku hiyo fanya haya. Piga picha kila chumba, dari, sakafu, dirisha, na ua pia, siyo mbele tu. Chukua futi kamba upime ukumbi na vyumba, uchore hata kwa mkono. Mkalishe mkubwa wa ukoo barazani, barazani hasa, maana huko atakumbuka ambayo sebuleni kwako hatayakumbuka, umrekodi kwa simu: nani alijenga, fundi alitoka wapi, nani alizaliwa chumba kipi, nani alipanga, nani alikuja usiku kuzungumza siasa.

Na kama mlango ni wa nakshi, usimruhusu dalali auchukue siku ile ya kubomoa. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 zinalindwa na sheria ile ile, hazisafirishwi nje wala kuuzwa hivi hivi bila kibali. Nenda Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa mapema, ukiwa na picha zake. Mkiamua kuutumia wenyewe kwenye ghorofa mpya, mwambie fundi mapema, kwa sababu milango ile ni mipana na mizito na ukuta lazima uachwe tayari kuupokea.